Rambirambi za Chiriku

Katika biashara ya harusi hakuna mteja anayesema hapana. Mteja husema, "Tutawasiliana." Asubuhi hiyo Mama Kitinda, mpambaji wa kumbi, alikuwa ameambiwa tutawasiliana na watu wengi kiasi kwamba yule wa mwisho alimwitikia "amina" bila kukusudia, na yule mtu akakata simu akidhani anadhihakiwa.

Alikaa kwenye mkeka katikati ya vifuniko vya viti, simu mkononi. Mumewe alikuwa amesimama mezani akipiga pasi vitambaa vya satini, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ilikuwa mpya kwake. Kwa miaka yote ya ndoa yao, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa biashara na mkewe alikuwa mikono. Mke anapamba ukumbi, mume anashika kipaza sauti. Watu walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa ananyamaza, na hakuna aliyewahi kutamani anyamaze.

Kufuatilia wateja ilikuwa kazi yake pia. Mtu akija kuulizia bei na kuondoka na maneno ya "tutafikiria", Chiriku alimwacha apumue siku mbili tatu, kisha akampigia. Bei hakuigusa. Aliuliza tu hali ya bibi harusi, afya ya mama mkwe, na kama bwana harusi bado hajatoroka. Mteja akishacheka, Chiriku anaaga na kukata simu. Kesho yake mteja anapiga mwenyewe kuomba apangiwe tarehe. Hakuna shule inayofundisha hayo, ni kipaji tu, na kipaji hicho kilikaa kooni. Madaktari walipofungua koo kutoa uvimbe, walitoa uvimbe na sauti pamoja. Kilichobaki ni pumzi inayokwaruza. Ukitaka kumwelewa lazima umtazame midomo, na kwenye simu hakuna midomo.

Basi Mama Kitinda akajifunza kufuatilia wateja ukubwani, na hakuweza. Alikuwa mkweli mno. Mtu akiuliza bei, anataja bei. Akiulizwa habari za mumewe, alisema amesafiri, mara yuko bafuni, mara amelala kidogo. Uongo mdogo mdogo wa kusukuma siku. Harusi hata moja hawakuwa wamepata tangu hospitali, na jamaa mwenye ukumbi mpya upande wa pili wa mji alikuwa ameshaulizia mara mbili kama viti vyao vinauzwa. Vikiuzwa viti, biashara imekwisha.

"Nimpigie na yule shangazi?" aliuliza.

Chiriku aliinua pasi, akaitikia kwa kichwa.

Shangazi huyo alikuwa anasimamia harusi ya mtoto wa kaka yake. Alikuwa mwanamke wa ofisini, mwenye haraka na sauti ya kuamrisha, na alishakuja kutazama vitambaa akavipenda. Alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Mama mpambaji, nilikuwa nakuwaza," alisema. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, chumba kizima kilisikia. "Vitambaa vyako ni vizuri, sina neno. Lakini mimi namtaka Chiriku. Alisherehesha harusi ya dada yangu, tulicheka mpaka mzee mmoja akadondoka kwenye kiti. Mpe simu nisikie anasemaje."

"Ametoka kidogo, dada."

"Juzi alikuwa bafuni. Kabla ya hapo alisafiri. Huyu mtu ananikimbia mimi? Kama amepata kazi kubwa kuliko yangu, niambie nitafute mwingine. Kuna kijana hapa ofisini kwetu ana emsii wake, bei yake nusu ya kwenu."

Mama Kitinda alimtazama mumewe. Pasi ilikuwa imesimama juu ya kitambaa.

"Dada, ngoja nikwambie."

"Niambie."

Tuseme ukweli, hakupanga. Mtu anayepanga uongo hutafuta uongo ambao ataweza kuulea. Yeye alifungua mdomo tu kama mtu aliyechoka anavyokaa popote.

"Chiriku alifariki," alisema.

Upande wa pili yule mwanamke wa kuamrisha akaanza kulia, kilio cha kweli, cha kutafuta pumzi. Alisema jamani. Alisema mbona mmekaa kimya na msiba mzito namna hii. Alisema na mimi nakusumbua wee, kumbe mwenzangu una yako. Halafu akasema, "Sikiliza, dada yangu. Kazi hii ni yako. Simpi mtu mwingine. Jumamosi nakuja na bibi harusi tumalizane."

Simu ilipokatika, harufu ya kitambaa kilichoungua ilikuwa imejaa chumbani. Chiriku aliinua pasi. Satini ilikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi. Akakikunja kile kitambaa taratibu, akakiweka pembeni, akazima pasi. Ndipo akamgeukia mkewe ili aone midomo yake.

"Nimekufa na ugonjwa gani?"

"Baba Kitinda, nisamehe. Limenitoka."

"Watauliza. Nimekufa na nini?"

Mama Kitinda alifunika uso kwa kifuniko cha kiti. "Koo," alisema ndani ya kitambaa.

Chiriku akafikiri. "Basi hujadanganya sana," alisema, na akarudi mezani kuwasha pasi.

*

Binti yao, Kitinda, alipopata habari hizo jioni aliweka chini mfuko wa riboni aliotoka kununua na kumtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa nyumba imeuzwa.

"Mama, baba yuko hapo jikoni anakunywa uji."

"Namwona."

"Sasa Jumamosi wakija?"

"Ataenda kwa fundi viatu akae huko mpaka waondoke."

"Na emsii?"

Mama Kitinda akamwelekezea kidole. "Wewe. Wewe ndiye unayezijua kauli zake zote."

"Kwa hiyo nisimame mbele za watu niseme marehemu baba yangu. Mimi baba simwiti marehemu. Tafuteni mwingine."

Chiriku alitoka jikoni na kikombe chake. Alimgonga binti yake begani ili amtazame.

"Usiseme marehemu," alimwambia kwa ile pumzi yake. "Sema mzee. Inatosha."

Kitinda akalia, baba yake akamwacha amalize, kisha akampa mwiko badala ya kipaza sauti. Wiki ile nzima walifanya mazoezi sebuleni. Kitinda anasema, baba anasikiliza amefumba macho. Akikosea, baba anainua kidole. Tatizo la Kitinda lilikuwa moja, alikuwa anacheka kabla ya watu. Chiriku alimshika kidevu akamwonyesha: unasema, unafunga mdomo, unawatazama kana kwamba umesema jambo la kawaida kabisa. Waache wao wavunjike. Ukicheka wewe kwanza, umewanyang'anya. Aliyasema hayo yote kwa midomo na mikono, jasho likimtoka, na mwisho alilazimika kukaa na kunywa maji kwa kijiko kwa sababu koo lilikuwa linawaka.

Mama Kitinda alikuwa anawatazama kutoka mlangoni. Alijiambia mambo yatakuwa sawa. Mtu hujiambia hivyo pale anapojua si sawa.

*

Jumamosi shangazi alikuja mapema kuliko alivyoahidi. Watu wa haraka ndivyo walivyo. Chiriku alikuwa bado amechuchumaa sebuleni akikaza skrubu ya kiti, pekupeku, shati limefunguka vifungo, kovu la shingoni wazi. Alipoinua uso, wanawake wawili walikuwa wameshaingia. Shangazi mbele, bibi harusi mtarajiwa nyuma yake, msichana mwembamba mwenye haya.

"Shikamoo baba," alisema yule msichana.

Midomo ya Chiriku ikasema marahaba. Msichana hakusikia kitu, akasubiri, halafu akainamisha macho akidhani amedharauliwa.

"Na huyu?" Shangazi alimtazama. Alishawahi kumwona Chiriku, ndiyo, lakini kwa mbali, jukwaani, akiwa na suti nyeupe na mashavu ya mtu aliyeshiba. Huyu wa sakafuni alikuwa mifupa na ndevu za mvi.

"Ni shemeji yangu," alisema Mama Kitinda. "Mdogo wake marehemu. Amekuja kunisaidia. Ana matatizo ya kusema."

Hilo nalo lilitoka lenyewe. Uongo ukishafunguliwa mlango huingia na jamaa zake.

Shangazi akaweka mkoba chini. Alimwendea Chiriku, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akampazia sauti kama wanavyofanya watu mbele ya bubu, kana kwamba masikio nayo yamekufa. "Pole sana, baba. Pole kwa kuondokewa na kaka. Kaka yako alikuwa mtu. Umenielewa? Alikuwa mtu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwelewa.

"Mnafanana sana," aliendelea shangazi, akimpapasa mkono. "Ila yeye alikuwa na mwili. Nakumbuka kwa dada yangu, alimwambia bwana harusi, leo umepata maelekezo, kesho utapata mke. Tulicheka jamani."

Sivyo alivyosema. Alichosema Chiriku siku hiyo ni kwamba, bwana harusi, leo umepata mke, maelekezo utapata kuanzia kesho. Mzaha uliopinduliwa kichwa chini ulikaa hapo katikati ya sebule, umekufa kifo cha aibu, na mwenye nao hakuwa na njia ya kuusimamisha. Kidole chake kiliinuka kidogo kama kwenye mazoezi. Mama Kitinda akakiona, na akaharakisha kuleta viti vya wageni.

Wakazungumza kazi. Rangi ya vitambaa, maua ya meza kuu, saa ya kufungua ukumbi. Kitinda aliletwa akatambulishwa, na shangazi akasema damu haipotei. Bei ilipotajwa shangazi hakuomba apunguziwe hata kidogo. Alifungua mkoba akahesabu malipo ya awali juu ya meza, na Mama Kitinda, ambaye maisha yake yote alikuwa akigombana na wateja mpaka senti ya mwisho, aliona heri angegombana. Fedha ambayo hukuigombania inakuwa na uzito wake.

Wakati wa kuondoka, shangazi alitoa bahasha akampelekea Chiriku pale alipokuwa amesimama kando ya kabati.

"Hii ni ndogo tu, baba. Tulichangishana ofisini. Rambirambi. Hatukuwahi kuja msibani, mtuwie radhi."

Chiriku alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sakafu. Binti yake alikuwa ameshaingia ndani. Basi akapokea, kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akainama kidogo.

Usiku bahasha ile ilibaki juu ya kabati haijafunguliwa. Hakuna aliyeigusa kwa siku kadhaa. Mwishowe ilinunua dawa zake za koo, kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha.

*

Habari mbaya haihitaji kupigiwa simu. Shangazi aliwaambia wenzake, wenzake wakawaambia wengine, na wale wote waliokuwa wamesema tutawasiliana, wakawasiliana. Mmoja alipiga kutoa pole na kuulizia bei. Mwingine alituma ujumbe mrefu wa kumsifu marehemu na mwishoni akauliza kama tarehe kumi na nane iko wazi. Mwanamume mmoja aliyekuwa amemkatia Mama Kitinda simu mara tatu alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama mlangoni amevua kofia. Mtaani kwao watu walijua Chiriku yu hai, lakini wateja hawakuwa watu wa mtaani kwao. Hata hivyo Chiriku aliacha kwenda barabara kubwa. Kwa fundi viatu alikuwa akipitia uchochoroni, kofia usoni.

"Walikupenda," Mama Kitinda alimwambia siku moja wakiwa wanashona riboni. "Sikujua walikupenda hivi."

"Nikiwa mgonjwa hakuna aliyepiga," alijibu Chiriku.

Mama Kitinda akaweka sindano chini. "Nimechoka. Kesho nampigia shangazi namwambia ukweli. Akitaka fedha yake nitamrudishia. Tutauza viti."

Chiriku alimshika mkono. Alingoja mpaka amtazame sawasawa, maana hakutaka kurudia.

"Mama Kitinda, usinifufue."

"Acha mzaha."

"Siyo mzaha. Chiriku mzima bila sauti ni mzigo, watu wanampa mgongo. Chiriku aliyekufa analeta kazi. Ukinifufua watasema tuliwatapeli, na watakuwa na haki. Nani atamwajiri Kitinda baada ya hapo? Mtoto ameshaanza kujua kunyamaza mahali pake. Niache nilipo."

Mkewe alitaka kubisha, akaokota sindano. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa hesabu sahihi. Wakaendelea kushona.

*

Siku ya harusi ukumbi ulipendeza mpaka wahudumu walikuwa wakipiga picha. Mama Kitinda alikuwa ameamka na alfajiri, akapanda ngazi na kushuka, pini mdomoni, na Chiriku alibeba viti pamoja na vijana wa kukodi. Kijana mmoja alimwita "mzee bubu", bila ubaya, kwa kumwelekeza tu mahali pa kuweka viti.

Kitinda alianza kwa kucheka kabla ya watu. Mzaha wa kwanza ulianguka. Wa pili alifunga mdomo, akawatazama, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Chiriku alikuwa mlango wa nyuma na viti vinne mikononi. Alifumba macho akasikiliza kile kicheko kikipanda na kushuka, na alipofumbua yalikuwa yameloa.

Kisha shangazi akaomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kabla hatujaendelea," alisema. "Wengi wenu mnamkumbuka Chiriku. Leo angekuwa amesimama hapa. Mjane wake ndiye aliyepamba ukumbi huu mnaouona. Mama, njoo. Sema neno moja tu kwa ajili yake, halafu tusimame kumkumbuka."

Mama Kitinda alitikisa kichwa. Wanawake wa meza ya jirani walimsukuma kwa upole, wakidhani ni uchungu, na walikuwa sahihi. Alifika mbele akapewa kile kipaza sauti. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amevifuta vumbi vipaza sauti vya mumewe, hakuwahi kusema ndani yake hata neno. Alitafuta kitu kifupi. Alitafuta uongo, kwa kuwa siku hizi ulikuwa unakuja wenyewe. Haukuja.

"Alikuwa akirudi harusini usiku, ananiamsha," alisema. "Anakaa pembeni ya kitanda na viatu vyake, ananisimulia yote. Nani kalewa, nani kalia, bibi harusi kasema nini. Mimi namwambia, baba, niache nilale, kesho nina kazi. Nageukia ukutani. Yeye anaendelea tu."

Ukumbi ulicheka kidogo, kwa upendo.

"Nilikuwa silali," alisema Mama Kitinda. "Nataka mjue hivyo. Nilikuwa nimegeukia ukutani namsikiliza mpaka mwisho, nacheka ndani ya shuka asinione, maana angejua angevimba kichwa. Miaka yote. Sasa nyumba yetu iko kimya. Mtu akiweka kijiko mezani unasikia. Ningempa Mungu vitambaa vyangu vyote, na viti, na mikono hii, aniamshe usiku mmoja tu anisumbue. Sikuwahi kumwambia. Basi."

Watu walisimama. Viti vilisogea, kisha ukimya ukaingia ukumbi mzima, hadi jikoni wakaacha kugonga sahani. Pale mlango wa nyuma, mzee mmoja mgeni mwenye suti alimgeukia Chiriku kwa hasira.

"Weka viti chini," alimnong'oneza. "Watu wanamkumbuka marehemu. Huna heshima?"

Chiriku aliviweka viti chini, kimoja kimoja, bila kutoa sauti. Akavua kofia. Akanyoosha mikono ubavuni na kusimama wima kama wengine, mpaka binti yake aliposema ahsanteni, tukae.

Mama Kitinda alimkuta kwenye kijia nyuma ya ukumbi, ameketi juu ya kreti. Muziki ulikuwa umeshaanza ndani. Alichuchumaa mbele yake, karibu, ili aione midomo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Yote?"

Chiriku alimpangusa mkewe uso kwa kiganja, kiganja chenye kutu ya viti, kikaacha alama shavuni. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kutosha.

"Ungeniambia nikiwa hai," alisema.

Mama Kitinda alifungua mdomo kumjibu kwamba yu hai, yuko hapa, amemshika goti. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani alichungulia, simu mkononi, akauliza kama ndiye mjane wa Chiriku, kwa sababu mwanawe anaoa mwezi ujao na amependa sana mapambo.

"Ndiye mimi," alisema Mama Kitinda, akasimama, akampa namba.